Mashindano ya Field of Glory II: vita vya kale kwa mtu wa Kisumu mwenye bando kidogo

Hii ni revyu ya mashindano ya online ya Field of Glory II, sio gemu pekee yake, ju gemu pekee unaeza cheza na kompyuta mpaka uchoke na bado hujaonja utamu wake. Ilitoka Oktoba 2017, waliotengeneza ni Byzantine Games na wanaouza ni Slitherine, ni vita vya kina Roma na Carthage (dola ya kale ya Afrika Kaskazini), mnacheza kwa zamu, na ile ya msingi inabeba miaka ya 280 KK hadi 25 KK. Ukitaka kurudi nyuma kwa kina Alexander Mkuu wa Makedonia ama uende mbele zaidi unanunua nyongeza.

Sababu kubwa naisifu nikiwa Manyatta hapa Kisumu ni kwamba wewe na mpinzani hamhitaji kuwa hewani wakati mmoja. Unafungua zamu yako, unasogeza vikosi, unapigana, ukimaliza inaenda kwa seva, seva inamtumia mwenzako imeili kwamba ni yeye sasa, na hata akiwa amelala Marekani zamu inamngoja. Wale mmecheza gemu za mbio na risasi mnajua shida yetu, mvua ya jioni ikishaanza kuteremka kutoka milima ya Nandi stima inaenda, waifai inaenda nayo, na uko katikati ya mechi unahesabiwa umetoroka. Hapa hakuna kitu kama hicho. Stima ikirudi saa nne usiku unaendelea, na kama haikurudi unacheza kesho asubuhi kabla ya kazi. Na bando halisikii, ju kinachosafiri ni hesabu za zamu tu sio picha, nachezea kwa hotspoti ya simu kila siku bila wasiwasi. Laptopu pia haihitaji kuwa ya nguvu sana, ila lazima iwe Windows.

Sasa mashindano yenyewe. Mfumo ni ule wa Uswisi kama wa chesi, hautolewi ukipoteza, raundi inayofuata unapangiwa mtu mwenye pointi karibu na zako. Hii ni muhimu sana kwa mgeni. Ukianza vibaya hukai nje ukitazama, unashuka kwa watu wa kiwango chako na unaendelea kupigana mpaka raundi ya mwisho. Halafu kila raundi unacheza mechi mbili na mtu yule yule kwa wakati mmoja, uwanja ule ule, majeshi yale yale, ila kwa moja wewe ni upande huu na kwa ingine wewe ni upande ule. Hebu fikiria hiyo. Hakuna mtu ataniambia alipewa jeshi bovu ama kilima kilikuwa upande wangu, ju kilima hicho hicho yeye pia alikipata. Mimi nimecheza mashindano mengi ya gemu zingine na sijaona njia ya haki kama hii.

Wacha niwaonyeshe mechi moja. Nilipangiwa mzee wa Poland, Waseleuko dhidi ya Waptolemaio, yaani Siria na Misri baada ya majenerali wa Alexander kugawana dunia. Pande zote zina falanksi katikati, wale askari wa mikuki mirefu, na zina ndovu. Farasi wakikaribiana na ndovu wanavurugika, kwa hivyo kila mtu anahangaika ndovu zake ziangalie farasi wa mwenzake. Huyo mzee kwa mechi niliyokuwa Misri aliweka farasi wake wote wazuri kulia, akanipiga kule vibaya, vikosi vyangu viwili vya farasi vikatoroka. Lakini hii gemu ina sheria moja tamu: kikosi kikifukuza adui huwezi kukirudisha vile unataka, kinakimbia tu na damu yake moto. Farasi wake wakapotelea nyuma huko, zamu baada ya zamu, na mimi huku katikati nikasukuma falanksi pole pole, sikuvunja mstari hata kidogo, mpaka kikosi chake cha kwanza kikayumba, kikapasuka, kikatoroka, na vya jirani vilivyoona hivyo navyo vikaanza kutetemeka. Mshindi anapatikana jeshi moja likipoteza asilimia 60, au 40 kama tofauti na mwenzake ni 25 au zaidi. Farasi wake waliporudi jeshi lake lilikuwa lishavuka kiwango hicho, ameshashindwa.

Na sasa sikieni, hivyo ndivyo vita vya kweli vya Raphia vyenyewe! Mwaka wa 217 KK Antioko wa Tatu, mfalme wa Waseleuko, aliongoza farasi wake upande wa kulia, akashinda, akafukuza mbali, na nyuma yake falanksi ya Ptolemaio wa Nne wa Misri ikamaliza vita katikati. Hakuna mtu alituandikia tucheze hivyo, sheria za gemu ndio zilituleta mahali pamoja na wale watu wa kale. Mechi ya pili mzee alinishinda kwa kidogo sana, akaniandikia ujumbe wa heshima, nami nikamjibu.

Ardhi pia inahesabika. Falanksi ikiingia mahali pa mawe ama vichaka inavurugika, na Warumi kwa vikosi vyao vidogo wanaiingilia ubavuni, vile Wamakedonia walipata kwa vita vya Cynoscephalae kule Ugiriki 197 KK. Ukichagua Wanumidia wa Afrika Kaskazini, farasi wepesi wa mikuki ya kurusha, wewe hutaki kukutana na mtu ana kwa ana, unarusha unarudi, unarusha unarudi. Mimi hawa nawapenda kuliko wote.

Mabaya yako. Kuna wapinzani wanakaa na zamu mpaka saa zao zikaribie kuisha, na raundi ina muda wake kwa hivyo mechi inavutwa na unasahau mpango wako ulikuwa gani (siku hizi naandika kwa kidaftari: mrengo wa kushoto ngoja, ndovu usisogeze). Maneno ya kwa skrini ni mengi, mtu mgeni atahitaji subira. Na masharti ya kila shindano yasome kabla hujajiandikisha, ujue kama linahitaji nyongeza gani, ju nyongeza zinalipiwa kando. Malipo hayakunisumbua, nilitumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa, ila bei ni ya dola kwa hivyo ngojeni zile siku Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, wanashusha.

Nyota nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu nimetoa kwa sababu ya kungoja tu. Ukiwa unaanza cheza kwanza na kompyuta kwa Warumi, ndio rahisi kuelewa, halafu jiandikishe kwa shindano lolote la jeshi unalolijua. Na kama uko Kisumu ama Kakamega na unacheza hii kitu, nataka mtu wa nyumbani kwa raundi ijayo, mimi nitakuwa Numidia.