Taa inawaka mara tatu, kisha kimya: uzoefu wangu na bodi ya butiloda ya "mfumo wowote"

Naanza na mayai, maana bila mayai yale nisingekuwa na hasira ya kukaa na kuandika. Trei 5, yaani mayai 150 ya kuku wa kienyeji, yalikuwa yamefika siku ya 12 au ya 13 kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga ya mama mmoja wa Uyole. Ni mteja wangu tangu nafungua kibanda cha ufundi hapa Soweto, Mbeya. Ilikuwa katikati ya miezi ile ya baridi, ambayo ukitoka nje alfajiri mdomo unatoa moshi. Simu yake iliingia kabla jua halijapanda.

"Fundi, njoo. Mayai ni ya baridi."

Hakupiga kelele. Alisema hivyo tu, akakata. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mashine, ameshika yai moja kwa mikono miwili kana kwamba anaweza kulirudishia joto. Kioo kilikuwa kimezimika, hita imezimika, feni imesimama. Ila taa ndogo ya kijani kwenye bodi ilikuwa ikiwaka mara tatu haraka haraka, kisha kimya kama sekunde kumi, kisha mara tatu tena. Ilifanya hivyo usiku kucha.

Kosa lilianzia kwangu jioni ya jana yake, nalikubali. Programu ya zamani ilikuwa kitanzi kimoja kirefu: pima joto, washa hita, zima hita, geuza mayai, rudi mwanzo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Modemu ikitafuta mtandao, au mota ya kugeuzia ikizunguka, joto lilikuwa halina msimamizi, na mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 au zaidi kidogo kwa siku 21, hayasubiri mtandao urudi. Nikaandika upya kwa FreeRTOS, mfumo mdogo wa muda halisi, yaani unaogawa programu kuwa kazi (taski) kadhaa na kuitanguliza iliyo ya haraka. Taski moja ya joto yenye kipaumbele kuliko zote, moja ya kugeuza, moja ya ujumbe wa simu. Juu ya meza yangu, nikiiingiza moja kwa moja kwenye chipu kwa nyaya, ilikimbia siku tatu bila kukohoa. Nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza niliona modemu ikihangaika na mtandao huku hita ikiendelea kuwaka na kuzima kwa wakati wake.

Sasa bodi hii niliyoinunua Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi, ilisifiwa kwa jambo moja: butiloda yake, yaani programu ndogo inayoamka kwanza chipu ikiwashwa, kisha kuiamsha programu yako. Ukituma programu mpya kupitia laini ya simu, inahifadhiwa kwenye chipu ya pembeni, butiloda inaihakiki, inaiandika mahali pake, inairukia. Huhitaji kufungua sanduku wala kupanda bajaji kwenda Uyole. Karatasi iliyokuja nayo ina sentensi ambayo nimeisoma hadi nimeikariri: inaendesha mfumo wowote wa muda halisi. Nikatuma programu. Baada ya dakika chache ukaja ujumbe kwamba imeingia salama. Nikalala.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Butiloda ilisema "salama" kwa sababu hesabu ya uhakiki ilikubali, basi. Haikungoja kuona kama programu imeamka. Zipo butiloda zinazofanya kazi hii kwa uungwana. MCUboot, kwa mfano, ambayo watu wa Zephyr, mfumo mwingine wa muda halisi, wanaitumia sana, inaweza kuiwasha programu mpya kwa majaribio, na programu isipojithibitisha yenyewe, chipu ikiwaka tena inarudishiwa ile ya zamani. Ingekuwa hivyo, usiku ule bodi ingeanguka mara moja, irudi kwenye kitanzi changu cha zamani, na mama asubuhi angekuta mayai ya moto. Badala yake ilianguka, ikaamka, ikaanguka tena, maelfu ya mara mpaka kulipokucha. Na kila chipu inapoanza upya miguu yake yote inalegea, rilei inaachia, hita inazima.

Nikampigia muuzaji. Nilianza kwa heshima: "Kaka, habari za kazi, samahani nakusumbua asubuhi." Nikaeleza taa, nikaeleza mayai. Alinikata kabla sijamaliza.

"Bosi, butiloda yetu haina shida, tumeuza nyingi. Hiyo FreeRTOS umeiweka wewe. Sisi tunauza bodi, hatufundishi darasa."

Akakata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sijasahau ile sauti, na nikisema ukweli ndiyo iliyonifanya nisilale siku mbili zilizofuata, kuliko hata fedha ya mayai.

Nilirudisha programu ya zamani kwa mkono, nikaibeba bodi ya akiba hadi kibandani, nikalehemu nyaya mbili za kuchungulia chipu pamoja na ya ardhini. Mara tatu za taa nilizifahamu, niliziandika mwenyewe mwanzo kabisa wa programu, kabla ya kuanzisha shedyula, sehemu ya FreeRTOS inayopanga zamu za taski. Kwa hiyo butiloda ilikuwa inaruka vizuri, na programu ilikuwa inaanza. Ilikuwa inakufa pale pale FreeRTOS inapotaka kuizindua taski ya kwanza.

Nikaanza kuilaumu FreeRTOS. Nikasema labda huu mfumo wa bure hauaminiki. Ni dhana ya kijinga kwa kitu ambacho Richard Barry alikianza mwaka 2003 na kinazunguka kwenye vifaa vidogo dunia nzima, lakini mtu mwenye usingizi hulaumu kilicho karibu. Uzuri ni kwamba FreeRTOS haifichi kitu. Kiini chake ni mafaili machache ya C, na upande wa Cortex-M3, aina ya kichakataji kilichomo kwenye chipu hii, kuna mistari michache ya assembli ambayo fundi yeyote mwenye subira anaweza kuifuata kwa kidole. Inachukua anwani 0xE000ED08. Inasoma kilichomo. Inakwenda huko ilikoelekezwa, inasoma tena, inakipata kilele cha staki, eneo la kumbukumbu la kazi za muda. Inafungua intarapti, ishara zinazoikatiza chipu ili ishughulikie jambo lililotokea. Kisha inaita svc 0, amri ya kuomba msaada wa mfumo.

Anwani ile ni rejista, kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu, inayoitwa VTOR. Kazi yake ni kuiambia chipu jedwali la vekta liko wapi, yaani orodha ya anwani za kukimbilia kila jambo linapotokea. Butiloda inakaa kwenye kilobaiti 16 za mwanzo, kuanzia 0x08000000. Programu yangu inaanzia 0x08004000. Nikaisimamisha chipu ikiwa kwenye kile kimya cha sekunde kumi, nikasoma rejista.

0x08000000.

Nilikaa nikiiangalia ile namba. Programu yangu ilikuwa inaishi kwenye nyumba yake, lakini kila ilipoita msaada, wito ulikwenda kugonga mlango wa butiloda. Svc ya FreeRTOS ilipokelewa na jedwali la butiloda, ambamo hakuna anayeifahamu, ikatupwa kwenye kitanzi kitupu kisichotoka. Pale ikakwama hadi wochidogi, saa ya ulinzi inayoiwasha chipu upya programu isipoilisha kwa wakati, ikaiwasha upya. Ndiyo maana kitanzi changu cha zamani hakikuwahi kulalamika: kilikuwa hakitumii intarapti hata moja, hakikuwa na wito wa kupotea. Na ndiyo maana juu ya meza ilikimbia siku tatu, maana pale niliiweka mwanzo wa flashi, kumbukumbu ya kudumu ya chipu, penye sifuri yake, bila butiloda.

Niliandika maoni ya nyota moja kuhusu bodi hii usiku huo huo. Niliandika kwamba butiloda haihamishi jedwali la vekta na kwamba waliotengeneza bodi hawajui kazi.

Nimelazimika kuifuta sentensi hiyo, kwa sababu si kweli. Kesho yake nilichungulia tena, safari hii nikaisimamisha chipu pale butiloda inaporuka, na VTOR ilikuwa 0x08004000. Sawasawa kabisa. Aliyeiharibu ni faili la kuanzishia nililolichukua pamoja na maktaba ya chipu. Linafanya kazi kabla ya main, mahali programu yangu yenyewe inapoanzia, na ndani yake kuna mstari unaoirudisha VTOR mwanzo wa flashi ukiongeza kiasi fulani, na kiasi hicho kimeandikwa 0x0. Dawa ilikuwa kubadili namba moja, kuweka 0x4000. Taa ikawaka mara tatu, kioo kikawaka, hita ikaita. Nilipiga meza kwa kiganja hadi jirani anayeuza vocha akaja kuuliza kuna nini.

Basi nikampigia tena muuzaji, kwa nia ya kumwomba radhi kwa yale niliyoandika. Nikamwambia nimegundua, faili la kuanzishia ndilo linaloirudisha VTOR.

"Eeh, hapo," akasema, kama mtu anayeelekezwa njia anayoijua. "Kila mtu anakwama hapo. Wewe si wa kwanza."

Radhi yangu ikaishia mdomoni. Kila mtu anakwama hapo! Kama kila mtu anakwama, na wewe unajua, na unauza bodi kwa sentensi ya "mfumo wowote", kwa nini mstari mmoja usiandikwe kwenye karatasi ile? Nafasi ipo, upande wa nyuma ni mweupe. "Badili kiasi cha jedwali la vekta kiwe 0x4000." Ni maneno machache. Yangeokoa trei 5.

Na si hilo peke yake. Ile wochidogi inawashwa na butiloda, na kwa chipu hii ile wochidogi huru ikishawashwa programu haiwezi kuizima, mpaka chipu ianze upya. Mfano wao una mstari wa kuilisha, nami niliunakili kwenye programu ya zamani bila kujua ni wa nini. Kwenye ya FreeRTOS sikuuweka. Kwa hiyo hata baada ya namba kurekebishwa, bodi ilikimbia sekunde kumi tu ikaanguka. SysTick, saa ya ndani ya chipu inayotoa intarapti kila baada ya muda, nayo wanaiacha ikigonga wakati wa kuruka, nikaizima kwa mstari mmoja mwanzoni kabisa mwa programu. Wochidogi sasa inalishwa na taski ya joto peke yake, tena baada ya kuhakikisha kipimo cha joto kimesomeka. Taski hiyo ikilala, chipu iwashwe upya, ndivyo ninavyotaka.

Kwa haki, mambo haya yote yakishanyooka bodi ni nzuri. Nimetuma programu mpya Uyole mara nne au tano tangu hapo bila kutoka kibandani. Umeme umekatika na kurudi, na mashine imeendelea palipostahili. FreeRTOS sitaiacha, nimeona joto likishikiliwa usiku mzima huku modemu ikitafuta mtandao, na kwa mtu anayetengeneza mashine za kutotolesha hilo si jambo dogo. Kwa hiyo nilipandisha nyota kuwa tatu.

Mama wa Uyole nilimlipa mayai yote 150. Alikataa mwanzoni, akasema ni mambo ya mashine. Tulikagua kwa tochi pamoja, yai moja moja, chumba kikiwa giza. Mishipa iliyokuwa myekundu juzi ilikuwa imefifia, kiini kimetulia upande mmoja. Karibu yote yalikuwa yameviza. Yaliyobaki na uhai hayakujaza trei moja, na yeye ndiye aliyekuwa akiyarudisha kwa upole mahali pake, akisema, "Haya tuyaache, Mungu anaweza." Yalitotoa vifaranga tisa.

Nimempelekea muuzaji nusu ukurasa niliouandika mwenyewe kwa Kiswahili: VTOR, wochidogi, SysTick, na namba zake. Nikamwambia autumie bure, hata jina langu asiliweke. Ujumbe ulisomwa.

Wiki iliyopita, au ile ya kabla yake, nimepokea bodi nyingine mbili pale stendi ya Nanenane kwa ajili ya mteja wa Tukuyu. Nimefungua boksi nikiwa bado nimesimama stendi, maana nilitaka kuona. Karatasi ni ile ile, mfumo wowote wa muda halisi, na nyuma yake ni nyeupe. Nyota nimezirudisha kuwa moja.