Kuwekewa pini kwenye kidole kilichovunjika: uzoefu wangu Kigoma

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Mpira wa netiboli ulinigonga ncha ya kidole cha kati, mkono wa kulia, ikainama na kugoma kunyooka. Zahanati waliniambia nimeteguka, wakanipa dawa za maumivu. Nyumbani wakataka nikachuliwe. Nashukuru nilikataa.

Picha ya eksirei ya kidole iliyopigwa kwa upande ndiyo iliyoonyesha tatizo: kano inayonyoosha kidole ilikuwa imeng'oka na kipande cha mfupa, na kiungo cha ncha kimeanza kuhama. Daktari wa mifupa akanieleza kwamba kingekuwa kipande kidogo na kiungo kimetulia, ningefungwa banzi tu wiki 6 hadi 8. Changu kilizidi theluthi ya uso wa kiungo, kwa hiyo pini.

Ganzi huchomwa kwenye shina la kidole, na sindano hiyo inauma kweli. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu. Hawakupasua ngozi. Walipitisha pini mbili nyembamba huku wakitazama eksirei, moja izuie kipande kisirudi nyuma, nyingine ikishikilie kiungo kikiwa kimenyooka. Jioni nilikuwa nyumbani, vichwa vya pini vimechomoza nje ya ngozi.

Kazi kubwa ni matunzo, jamani. Kidole hakitakiwi kulowa, na mama wa nyumbani anajua maana yake: kufua, kuosha vyombo, kuparua samaki, yote niliwaachia wanangu. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa au maumivu yanazidi, wahi hospitali. Viungo vingine vya mkono lazima uvikunje kila siku, la sivyo navyo vinakakamaa.

Pini zilitolewa baada ya wiki 6. Sasa nashika sindano na mkasi bila shida. Ncha imeinama kidogo, haikunji yote, na kiungo kimenenepa kwa juu hadi nimenunua subana kubwa zaidi.

Kazi ya kuweka pini naisifu kwa moyo wote. Kilichoniumiza ni kwamba siku ya kutoa pini niliruhusiwa bila neno lolote la mazoezi, kidole kikiwa kigumu kama mti. Niliuliza mwenyewe ndipo nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Alinifundisha kushika pingili ya kati isicheze, kisha nikunje ncha peke yake, taratibu, bila kuilazimisha. Siku yako ya kutoa pini ikifika, usitoke bila kuelekezwa kwake.