Moduli ya Bluetooth ya kufunga kwenye amplifaya: ukiwa Tanga, ununue ipi?

Kabla ya kutoa hela, tazama waya unaishia wapi. Kama ni tundu la AUX la redio ya zamani, moduli inayotoa sauti ya dijitali haikuongezei kitu. Nenda namba 4.

1. ESP32 na PCM5102A

Hili ndilo chaguo letu kwa anayeunda spika mwenyewe au anayefunga muziki kwenye bajaji. ESP32 ni bodi ndogo yenye Bluetooth unayoipangia programu; PCM5102A hugeuza dijitali kuwa sauti ya analogi. Kati yao sauti hupita kwa I2S (njia ya sauti ya dijitali), nyaya tatu: mapigo (BCK), zamu ya kushoto na kulia (LCK), na data (DIN). Unga BCK kwenye pini 26 ya ESP32, LCK 25, DIN 22, na namba hizohizo uziandike kwenye programu. Ikikaa kimya kabisa, geuza bodi ya zambarau ya PCM5102A. Nyuma kuna vidaraja vinne, mara nyingi havijalehemiwa: cha 1, 2 na 4 viende upande wa L, cha 3 kiende upande wa H. Pini ya SCK iunge na GND (hasi).

Dukani taja ESP32 ya kawaida. ESP32-S3 na ESP32-C3 zina Bluetooth LE (ile ya umeme kidogo) peke yake, muziki wa simu hazipokei. Hapa ndipo wengi hupigwa.

Spika ikiwa moja ndogo, weka MAX98357A badala ya PCM5102A: ina amplifaya ndani, wati 3 hivi kwa volti 5 na omu 4.

2. CSR8675

Hii ni chipu ya Bluetooth. Ina I2S na aptX HD (mfumo wa kutuma sauti bora kwa Bluetooth), lakini nyingi huja zimepangwa kutoa analogi, na kuzibadili kunataka kifaa cha USB-SPI na kompyuta. Muuzaji akisita ukimuuliza, iache. Mwenye iPhone aptX haimhusu.

3. Zenye tundu la optiko (waya wa mwanga)

Kwa amplifaya ya sebuleni yenye tundu hilo, basi.

4. VHM-314

Bodi ndogo ya Bluetooth inayotoa analogi. Rahisi, volti 5. Ikila umeme mmoja na amplifaya, spika hulia kama mbu. Dawa yake ni B0505S (kijibodi kinachotenganisha umeme) kwenye njia ya umeme wa moduli. Kwenye bajaji pitisha kwanza LM2596 (kipunguza volti) iliyorekebishwa volti 5, maana betri ya 12 huiua papo hapo.

Yoyote utakayochukua, usiifungie ndani ya boksi la bati, mawimbi hayatoki. Na kwa wa Raskazone, upepo wa chumvi hula lehemu: paka bodi vanishi ya umeme, ukiacha matundu na pini.