Picha ya karibu au picha pana: ipi ibebe onyesho?

Unaporekodi filamu au video, kwa gharama picha ya karibu inashinda waziwazi. Uso ukijaza fremu, taa moja na kipande cha ukuta vinatosha. Picha pana inadai eneo zima lipangwe, na stendi ya taa iliyosahaulika pembeni itaonekana tu. Sauti ni vilevile: ukiwa karibu, maikrofoni hushushwa hadi juu ya kichwa bila kuingia kwenye picha.

Ila ukaribu una ugumu wake. Kwa lenzi ya milimita 85 (inayovuta karibu) yenye tundu la mwanga lililofunguliwa sana, mwigizaji akisogea kidogo macho yanapoteza fokasi. Ya milimita 24, inayoona eneo pana, husamehe mengi. Tena picha pana humwonyesha mtazamaji nani yuko wapi. Ukiunganisha nyuso mfululizo bila hiyo, watu wanne wa meza moja wataonekana kama wako nyumba tofauti. (Mapigano yanayoonyeshwa kwa nyuso pekee, binafsi, hunichosha.)

Una wahusika wawili na vifaa vichache? Egemea karibu. Ngoma, umati, mbio? Rudi nyuma. Tukio lisilorudiwa, kama hotuba, lianzie pana, halafu usogee likishatulia.