Mwaka mzima nalipia vijana wa kompyuta na ushauri wa biashara, huu ndo uzoefu wangu

Jamani majirani wananiuliza sana wale vijana wanaokujaga dukani kwangu na laptopu ni akina nani na wanafanya nini, kwaiyo naandika mara moja yaishe. Nina duka la spea za pikipiki na bajaji hapa Morogoro, mimi na vijana wawili basi. Jina la hao jamaa sitaji maana nina ya kuwasifia na nina ya kuwasema.

Nianze nilikotoka. Laptopu ya duka ilianza kugoma, inawaka inazima, nikampelekea fundi mmoja wa mtaani, akasema ngoja nipige windo mpya, ile Windows ya kompyuta. Akapiga. Ikarudi nyepesi kama imetoka dukani, nafungua nione mauzo yangu, hamna kitu. Excel ya miaka mitatu, namba za watu wangu wa Kariakoo, madeni ya bodaboda, vyote vimefutika. Namuuliza ananijibu "mama si hukuniambia kama kuna vitu vya muhimu", na kweli sikumwambia, mi nilijua windo ni windo tu. Kilichoniuma ni madeni, maana mtu wa boda ukimwambia nakudai 40,000 anakwambia nionyeshe ulipoandika, sasa nionyeshe nini? Wachache walikuja kulipa wenyewe, Mungu awazidishie. Wengine wakahamia kununua duka la mbele na nikipita wananisalimia vizuri tu.

Dada mmoja mwenye duka la dawa ndo akanielekeza kwa hawa. Wako watatu, malipo ni 60,000 kwa mwezi, wanaangalia kompyuta na simu za biashara, alafu mara moja kwa mwezi mmoja wao anakuja mnakaa mnapitia hesabu. Mwanzo niliona hela nyingi, 60,000 ni plagi ngapi hizo. Ila nilikuwa nishaumwa na nyoka tayari.

Siku ya kwanza nilijua wamekuja kuniuzia mfumo, na nilikuwa nimeshatenga laki 7 ya kununua mfumo wa mauzo na ile mashine ya kusoma misitari ya barcode, maana nilikuwa nauona kwenye maduka ya watu naona ndo kuendelea. Wakasema mama hiyo hela tulia nayo kwanza, tunaomba tukae dukani siku mbili. Wakakaa kwenye benchi la wateja wanaangalia tu, mpaka vijana wangu wakaanza kunong'ona kama wale ni watu wa TRA.

Baada ya hapo yule mkubwa wao akaomba kaunta buku, akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku sikioni. Cheni ya pikipiki ya Boxer imeandikwa "cheni boksa", "chen BX", "cheni kubwa" na mahali pengine "cheni" peke yake. Akasema ukiyaweka haya kwenye mfumo wowote duniani utakuhesabia cheni za aina nne na zote utakwambia hazitoshi. Kwaiyo kazi ya kwanza haikuwa na kompyuta kabisa, ilikuwa kuipa kila spea jina moja na namba fupi, tunaibandika kwenye boksi lake. Siku nane tunafunga duka saa 12 tunabaki mpaka saa 3 usiku, siku ya tano nilitaka kuacha nikawaambia bora hiyo laki 7 niinunulie tairi.

Kwenye kuhesabu ndo nikakuta mzigo uliolala. Juu kabisa ya shelfu kuna taa na vifuniko vya pikipiki za SanLG, za enzi zile ndo zilikuwa zinatamba mjini, siku hizi wateja wangu wengi ni Boxer na TVS, nani ananunua? Tukapiga hesabu kwa bei niliyonunulia, milioni 1 na laki 4 zimekaa zinakula vumbi na mimi huku nakopa hela ya oili. Tuliziuza kwa bei ya kutupa kwa mafundi wa vijijini, nikarudisha kama laki 6 hivi. Hasara, najua, ila laki 6 nimeizungusha kwenye breki shuu na tyubu ambazo hazikai wiki.

Kingine cha faida. Mi nilikuwa najua ukinunua kitu 10,000 ukauza 13,000 una faida ya asilimia 30, basi mteja akiomba apunguziwe asilimia 10 naona bado nina 20, namwachia tu tuelewane. Yule kijana akachukua kikokotoo, asilimia 10 ya 13,000 ni 1,300, na faida yako yote ni 3,000, kwaiyo umempa mtu karibu nusu ya faida yako kwa sababu amekuita mama mara mbili. Nilikaa kimya. Hapo bado hujatoa kodi ya fremu, umeme, na mshahara wa vijana. Siku hizi vijana wana bei ya mwisho imeandikwa kwa kila spea, chini ya hapo lazima wanipigie.

Kuna la kujilipa mshahara, hili tuligombana. Nilikuwa natoa kwenye droo, leo mchele, kesho ada, keshokutwa mchango wa harusi, wao wakasema jipangie kiasi cha mwezi na kikiisha kimeisha. Nikawaambia droo ni yangu na duka ni langu. Mpaka leo nafuata miezi miwili naharibu mmoja, sitadanganya.

Upande wa teknolojia yenyewe, kilichonisaidia zaidi ni mambo madogo. Zamani kijana wangu akionyeshwa meseji ya muamala kwenye simu ya mteja anatoa mzigo, na tulishaliwa tairi mbili kwa meseji ya kutengeneza. Sasa utaratibu ni mmoja, meseji ionekane kwenye simu ya duka, na salio la lipa namba liwe limepanda kweli, ndo mzigo unatoka hata kama mteja ana haraka anatukana. WhatsApp ya duka wameiwekea ile pini ya tarakimu sita. Na wakatuambia wazi, sisi hatutakupigia kukuomba namba yoyote iliyoingia kwenye simu yako, akikupigia mtu anasema katoka kwetu anataka kuingia kwenye kompyuta yako, kata simu. Nyie nyote mnajua hizi meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", basi matapeli wenzao wamehamia na kwenye kompyuta.

Bekapu, yaani nakala za akiba za hesabu zangu, wameweka mbili, moja kwenye diski ya nje ambayo naenda nayo nyumbani, nyingine Google Drive, kule mtandaoni. Mimi nilidhani imeisha hapo, ila kila mwezi wanaifungua kwenye laptopu yao waone kama kweli inafunguka. Mara ya kwanza kujaribu, faili la Drive lilikuwa la wiki tatu nyuma. Kumbe bando la duka lilikuwa linaisha kila baada ya siku mbili, vijana wanaangalia mpira, na hakuna kilichokuwa kinapanda huko juu. Wasingejaribu ningejua siku ya kulia tena.

Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za TRA, hawaigusi, ikigoma wanakwambia mpigie wakala aliyekuuzia, na hilo nimelipenda kuliko wale wanaojifanya wanajua kila kitu.

Sasa mabaya. La kwanza na kubwa, akaunti ya Drive waliifungua kwa imeili ya kijana wao mmoja badala ya yangu. Huyo kijana akaacha kazi mwezi wa saba, siku mbili sikuweza kuingia kwenye hesabu zangu mwenyewe zilizoko Drive, mpaka walipompata naye yuko Dodoma huko. Waliomba msamaha wakahamishia kwangu, paswedi nimeiandika nimeifungia kabatini nyumbani, lakini watu wanaokufundisha usalama wanafanyaje kosa kama hilo? Kama unatafuta watu wa hivi, siku ya kwanza kabisa dai kila akaunti iwe kwa jina lako na namba yako. Usione aibu.

La pili, Jumapili hawashiki simu. Kwa mwenye ofisi sawa, kwa mwenye duka la spea Jumapili ndo boda wanatengeneza vyombo vyao, laptopu ikigoma siku hiyo tunarudi kwenye kaunta buku. La tatu, wakiingia kwenye kompyuta kwa mbali bando linaenda mbio, na hilo bando ni langu. Alafu ripoti za mwanzo zilikuwa za Kiingereza na michoro ya rangi rangi, nikawaambia mimi niandikieni kilichouzwa, kilicholala, anayedaiwa, wakabadilisha.

Ule mfumo? Nimeununua mwezi wa kumi, wa bei ya chini kuliko niliokuwa nautaka, sijachukua mashine ya kusoma misitari maana nusu ya spea zangu hata hiyo misitari hazina. Kuingiza bidhaa zote ilichukua mchana mmoja kwa sababu majina yalikuwa yameshanyooka.

Nimelipia miezi sita mingine, wakanipunguzia mpaka 50,000. Kesho wanakuja kuhesabu mzigo na mmoja wa vijana wangu ameshaanza kuniambia anasikia homa.