Filamu za Cantinflas: uanze kununua ipi

Kama pesa uliyonayo ni ya diski moja tu ya Cantinflas, mchekeshaji wa Mexico, nunua Ahí está el detalle ya mwaka 1940. Haina rangi, na muuzaji huenda akakusukumia Around the World in 80 Days, aliyocheza Marekani. Kataa.

Mario Moreno, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Mexico City mwaka 1911 na uchekeshaji aliujulia kwenye maonyesho ya mahemani. Suruali imeteremka nyongani, kiunoni kafunga kamba, kisharubu kimeota kwenye pembe za mdomo tu. Lakini silaha yake hasa ni ulimi. Anaanza sentensi, anaiacha njiani, anadaka nyingine, anazunguka weee, mpaka msikilizaji anashika kichwa. Kihispania kina hata kitenzi cha kuongea namna hiyo, cantinflear, na kimo kwenye kamusi.

Ulimi huo unauona vizuri kwenye kesi ya filamu hii. Mchumba wake, mfanyakazi wa ndani kwa tajiri, amemwomba amuue mbwa mwenye kichaa aitwaye Bobby. Ameua. Kumbe siku hiyohiyo kauawa jambazi, naye anaitwa Bobby. Cantinflas anapandishwa kizimbani, anakiri kila kitu bila kutetereka, maana yeye anajua wanamuuliza habari za mbwa. Subiri mwisho wa kesi, hakimu na mawakili wanapoanza kubabaika kwa maneno vilevile kama yeye. Nimeirudia mara nyingi, na pale bado nacheka mpaka machozi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, geuza kasha usome nyuma. Matoleo mengi yalitengenezwa kwa soko la Mexico na hayana maandishi ya tafsiri chini ya picha. Usipojua Kihispania, diski ya namna hiyo inakunyima nusu ya filamu. Tazama pia namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa: ya Marekani ni 1, ya Mexico ni 4, na deki zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki ni 5. Kama deki yako haisomi kanda zote, tafuta diski isiyofungwa kikanda.

Ya pili kwangu ni Su excelencia, 1967, chini ya Miguel M. Delgado, mwongozaji aliyefanya naye kazi tangu 1941. Karani mdogo wa ubalozi anajikuta balozi, na kura yake inagombaniwa na kambi mbili za mataifa makubwa. Hotuba ya mwisho ni ndefu na wapo wanaoiona mahubiri. Mimi naipenda, kwa sababu safari hii kila sentensi anaimaliza.

El bolero de Raquel ya 1957 naiweka ya tatu. Ina rangi, na yeye ni mng'arisha viatu, ambaye Mexico wanamwita bolero. Kisha anaucheza muziki uitwao Bolero wa mtunzi Mfaransa Ravel kwa mwili mzima, na hapo huhitaji tafsiri yoyote.

Around the World in 80 Days ya 1956 ndiyo rahisi kuipata. Ilishinda Oscar ya filamu bora, na yeye kama mtumishi Passepartout akapata tuzo ya Golden Globe. Inunue kwa ajili ya pale anapocheza na fahali, kazi aliyoijua kwelikweli. Kwingineko Kiingereza kimemfunga, ndiyo maana nimeiweka ya nne. Pepe ya 1960, jaribio lake la pili Hollywood, usiipoteze pesa kwayo.

Na kama unamnunulia mzazi ambaye macho yake hayafuati tena maandishi ya haraka kwenye runinga, ruka mpangilio wangu wote umchukulie ile ya mng'arisha viatu.