Jiko la kauri baada ya miaka sita: uzoefu wangu

Jiko hili la mkaa nililinunua mwaka 2019 kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na tangu siku hiyo limepika karibu kila chakula cha nyumbani kwetu. Ni lile lenye kiuno chembamba, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980: nje ganda la bati, ndani kauri ya udongo uliochomwa, na katikati saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, ili lisipotelee pembeni.

Kabla yake nilitumia jiko la bati tupu. Lile likichakaa huchukuliwa zima na wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini kitako chake kilitoboka kabla ya mwaka kwisha, na mkaa lilikuwa likiumeza. Gunia lililotutosha wiki tatu sasa linafika wiki tano.

Tatizo lilijitokeza mwaka wa tatu, kauri ilipopasuka kwa sababu makaa yalizimwa kwa maji, jambo ambalo muuzaji hakutuonya. Kauri mpya ilipatikana kwa bei nafuu. Kazi ilikuwa kuiondoa ya zamani, ambayo saruji ilikuwa imeishika kiasi kwamba fundi alihangaika nayo kwa nyundo na tindo karibu saa nzima, na ganda likabonyea. Hata vipande vya kauri hiyo havikufaa. Udongo uliochomwa haufinyangwi tena, ingawa mfinyanzi anaweza kuutwanga na kuchanganya chenga zake katika udongo mbichi. Vyetu, vikiwa vimegandiwa na saruji, hakuna aliyevitaka.

Nilimwomba fundi aishike kauri mpya kwa udongo na majivu. Kila baada ya miezi michache hulazimika kuziba nyufa, kazi ya dakika kumi hivi, na kwangu huo ni mzigo mwepesi kuliko kupoteza ganda zima kwa ajili ya kauri iliyovunjika. Najua wapo watakaopendelea saruji, hasa wenye vibanda vya chakula ambao jiko lao huburutwa huku na huko mchana kutwa, na siwezi kuwalaumu.

Anayenunua kwa matumizi ya nyumbani namsihi aulize kwanza kauri imeshikwa kwa kitu gani, kisha abonyeze bati kwa kidole gumba. Likinesa, aliache.